Barua za Manjano

Delphine Oakes alikuwa na mwandiko mzuri, na mwandiko huo ndio uliomponza.

Alizaliwa Memphis, akasoma Memphis, na kwa miaka kumi na minne alibeba vifurushi vya watu kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege, mpaka bega la kulia likagoma. Daktari alimwambia apumzike. Delphine alimcheka usoni. Mtu anayelipa pango kila tarehe mosi atapumzika kwa lipi? Ndipo Jumamosi moja akachukua dola mia mbili alizokuwa amemwekea fundi wa gari, akaenda kwenye ukumbi wa hoteli kumsikiliza Marlon Stigger akifundisha namna ya kutajirika kwa nyumba bila kuwa na nyumba.

Stigger alikuwa mtu wa maneno, viatu vya bei bila soksi, meno meupe kupita kiasi.

"Jamani, nani humu ana hela za kununua nyumba?" aliuliza. Watu wakatazamana. "Safi kabisa! Hamzihitaji. Nyie hamnunui nyumba. Mnamtafuta mwenye nyumba aliyechoka nayo, mnaandikiana mkataba kwamba mtainunua kwa bei ya chini. Halafu, kabla siku ya kulipa haijafika, mnamuuzia ule mkataba mtu mwenye hela zake mkononi. Yeye anachukua nyumba, wewe unachukua chako katikati. Kuuza nyumba kwa jumla ndiko huko. Hata ufunguo hushiki!"

"Na mwenye nyumba anajua kwamba si wewe unayenunua?" aliuliza mama mmoja wa safu ya nyuma.

"Imeandikwa kwenye mkataba, dada yangu. Kusoma ni juu yake."

Ukumbi mzima ulicheka. Delphine naye alicheka, nisimfiche.

Kisha Stigger akafika kwenye barua. Barua ya kuchapwa, alisema, inaishia kwenye pipa la taka. Inayofunguliwa ni ya mkono, kwa kalamu ya buluu, kwenye karatasi ya manjano yenye mistari, ile ile ambayo mabibi zetu waliandikia orodha ya vitu vya kununua. Hata maneno alikuwa amewatayarishia ubaoni, kazi yao ilikuwa kunakili tu: *Mimi na familia yangu tumeipenda nyumba yako, na tungefurahi iwe makao yetu.*

Familia ya Delphine wakati huo ilikuwa ni picha ya marehemu mama yake ukutani. Mume alikwenda zake zamani. Lakini alinakili. Alizunguka na gari mitaa ya Orange Mound akiandika anwani za nyumba zenye majani marefu, rangi iliyobambuka na magazeti yaliyorundikana mlangoni. Kwa siku tisa alikaa mezani jikoni na barafu begani, akaandika barua mia moja, kila moja safi kama ya harusi.

Wengi hawakujibu. Mwanamume mmoja alipiga simu akasema, "Na mimi na familia yangu tumelipenda gari lako, dada, lilete!" kisha akakata. Delphine alikuwa ameshaanza kujuta zile dola mia mbili alipopigiwa na Bibi Vashti Crutcher.

Bibi Vashti alikuwa na miaka themanini na mmoja, mjane, mpishi mstaafu wa shule ya msingi. Januari alikuwa ameanguka bafuni na kulala sakafuni nusu siku, na mpwa wake Bernadine wa Houston akaapa kwamba hatamwacha tena akae peke yake. Nyumba ilikuwa ya mbao, ndogo, imechakaa kwa nje, lakini ndani kulimeta. Delphine alipopanda ngazi za barazani saa sita mchana, jua likiwaka, aliona taa ya juu ya mlango inawaka pia.

"Bibi, umesahau kuzima taa," alisema baada ya salamu.

"Sijasahau kitu. Pita, mwanangu. Unakula nyama ya shingo? Usiniambie uko kwenye hayo mambo yenu ya kujikondesha."

"Nakula, bibi. Mwili huu haudanganyi mtu."

Bibi Vashti alicheka mpaka akashika meza. Akampakulia nyama, sukuma wiki na mkate wa mahindi, akamwekea chai baridi yenye sukari ya kutosha kuua mchwa, na hakumruhusu kutaja nyumba mpaka sahani ilipokuwa nyeupe. Ndipo akamweleza habari ya taa.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Lorenzo. Nyumbani walimwita Karanga kwa sababu alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo, kakunjamana. Karanga alikua akawa kijana mzuri, mcheshi, kisha unga wa kulevya ukaingia mtaani ukamchukua pamoja na wenzake. Mwaka wa themanini na nane aliiba mashine ya baba yake ya kukatia majani, ambayo ndiyo iliyowalisha, akaiuza. Baba yake, Reuben, akamtoa nje na kumwambia asirudi mpaka asimame sawasawa.

"Mimi nilikuwa hapo jikoni," Bibi Vashti alisema. "Hapo hapo ulipokaa. Nilikuwa na mwiko mkononi. Sikusema neno. Mwanangu alinitazama nimtetee, na mimi nikageukia sufuria. Usiku ule niliiwasha taa, na tangu siku ile nabadilisha balbu tu. Reuben alinung'unika mpaka akafa, lakini hakuigusa."

Karanga alikuwa amepiga simu mara tatu katika miaka thelathini na moja. Ya mwisho ilikuwa miaka sita nyuma. Hakuacha namba. Alisema tu, "Mama, nikisimama sawasawa nitakuja mwenyewe mpaka mlangoni."

"Hii nyumba ndiyo anwani pekee anayoijua," Bibi Vashti alisema. "Bernadine kahama mara nne. Majirani wa zamani wote wako makaburini, hawa wa sasa ni wapangaji, kila mwaka sura mpya. Nikiondoka hapa, ni nani atakayemwambia, 'Mama yako yuko mahali fulani'?"

"Hakuna mtu wa kanisani anayeitaka, bibi?"

"Yupo Shemasi Purnell. Ana watoto watatu, anataka alipe kidogo kidogo. Mtu mzuri, lakini mwepesi wa hofu. Akibishiwa hodi na mtu wa barabarani ataita polisi kabla hajauliza jina. Nilikuwa karibu kumkubalia. Halafu ikaja yako." Alitoa mfukoni mwa aproni ile karatasi ya manjano, imekunjwa mara nne. "Nikautazama mwandiko huu. Nikasema, aliyekaa akaandika hivi ana subira. Na mtu mwenye subira anafungua mlango. Familia yako wangapi?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema ukweli. Pangekuwa pagumu, lakini palikuwa wazi: bibi, mimi sinunui, maneno hayo nilinakili ubaoni, mpe shemasi. Delphine aliona kabisa maneno hayo yamejipanga. Aliona pia bega lake, na zamu ya ghala iliyokuwa ikimngoja Jumatatu.

"Ni mimi tu na mama," alisema. Hakusema mama yuko ukutani.

"Basi vizuri. Sikuombi makubwa. Kaa humu, iache taa iwake, na Karanga akija mwambie niko Houston, umpe namba, umpe chakula. Bei hatutagombana."

Hawakugombana. Bibi Vashti alisema elfu thelathini na nane, bei ya chini hata kuliko Delphine alivyothubutu kuota. Alivaa miwani akausoma mkataba, kidole kikifuata mstari.

"'Mnunuzi, Delphine Oakes, au yeyote atakayemkabidhi mkataba huu.' Huyu yeyote ni nani?"

"Maneno ya wanasheria tu hayo, bibi."

"Wanasheria! Wangepewa sala ya chakula wangeijaza kurasa sita." Akacheka, akatia saini.

Mkataba ulimpa Delphine siku thelathini. Katika siku hizo alijaribu kufanya wema nusu nusu, ule unaofanywa na mtu anayeogopa kupata hasara. Alikwenda benki kuuliza kama anaweza kuinunua yeye mwenyewe, wakatazama madeni yake wakamrudishia karatasi zake kwa tabasamu. Mara mbili alishika simu ampigie Shemasi Purnell, mara mbili akaiweka, maana kumpigia shemasi ni kumwambia Bibi Vashti. Siku ya ishirini na moja akakutana na mnunuzi aliyeelekezwa na Stigger, Bwana Haverty, mtu wa kununua nyumba kwa simu akiwa uwanjani anacheza gofu.

"Elfu arobaini na tisa," Haverty alisema. "Nitavunja ndani, nitengeneze, niuze."

"Hutaki kuipangisha? Naweza kupanga mimi."

"Sipangishi. Wapangaji ni maumivu ya kichwa."

"Basi kuna taa pale barazani, mwenyewe anaomba isizimwe..."

"Dada, unaniuzia nyumba au balbu?"

Delphine alimuuzia. Bibi Vashti alikuwa tayari Houston, na karatasi za mwisho alizisaini huko mbele ya shahidi aliyetumwa nyumbani kwa Bernadine. Siku hiyo alimpigia Delphine. "Hapa naona jina la kampuni, mwanangu. Hawa tena ni nani?" Delphine, akijua ni ya Haverty, akajibu, "Ni kampuni yangu, bibi." Ulikuwa uongo mfupi na ulipita vizuri, na mimi mpaka leo namkasirikia kwa huo kuliko mingine yote.

Alipata elfu kumi na moja. Akaacha kazi ya ghala. Stigger alimpandisha jukwaani, akampa hundi ya kadibodi kubwa kama mlango, akapigwa picha akitabasamu, na watu wapya waliolipa dola mia mbili wakampigia makofi.

Kabla mafundi hawajaingia, Delphine alikwenda kwenye nyumba ile akabandika karatasi ya manjano mlangoni. Aliandika kwa herufi kubwa: *Karanga, mama yako ni mzima, yuko Houston. Nipigie.* Akaweka namba yake, akazungushia utepe wa gundi mara tatu isilowe. Moyo ukamtulia kidogo. Wiki ya pili mafundi waling'oa ule mlango, kwa kuwa mbao za zamani zina soko, wakaondoka nao na karatasi yake. Wakang'oa na makabati ya jikoni, na nyaya za umeme. Kisha Haverty akakorofishana na fundi mkuu juu ya malipo, kazi ikasimama, na nyumba ikabaki na mwanya mtupu mahali pa mlango, umezibwa kwa nailoni nyeusi. Delphine alibandika karatasi nyingine ukutani. Mvua ikaila. Akabandika tena, na tena ikaliwa.

Na kila Jumapili saa nane mchana, baada ya ibada, simu ililia.

"Mwanangu, hujambo? Taa inawaka?"

"Inawaka, bibi."

"Kuna mtu alibisha?"

"Bado, bibi."

"Haya. Usichoke."

Delphine alianza kuzipokea simu hizo akiwa ndani ya gari lake, ameegesha mbele ya nyumba, ili angalau uongo wake uwe na anwani ya kweli. Alikuwa akijitia moyo kwamba mtu aliyepotea miaka thelathini na moja hatatokea sasa. Alikuwa akiomba, Mungu amsamehe, kwamba asitokee. Alipojaribu kuandika barua nyingine za biashara, mkono ulifika kwenye *mimi na familia yangu* ukakataa. Zile elfu kumi na moja zilikuwa zinakwisha, na hakuwa na mkataba wa pili.

Alhamisi moja ya Novemba alipita pale kubandika karatasi mpya. Mpangaji wa nyumba ya jirani, msichana aitwaye Shaniece, alikuwa uani anaanua nguo.

"Wewe ndiye wa kwenye gari la Jumapili?" Shaniece alimwita. "Mi nilidhani polisi, bwana. Watoto nimewakataza kucheza upande huu."

"Mimi si polisi. Nina... namjua aliyekuwa anakaa hapa."

"Ooh. Basi kumbe ni wewe. Juzi Jumanne kaja mzee mmoja. Ndevu nyeupe, koti limepigwa pasi, kashika boksi la keki. Kasimama hapo mbele ya hiyo nailoni, we, kasimama! Kisha akakaa kwenye ngazi kama saa nzima. Mi nikamfuata, nikamuuliza baba vipi. Akaniuliza mwenye nyumba kafa lini."

Delphine alishika uzio.

"Ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini na mimi mgeni? Nikasema sijui, nilipohamia nimekuta iko hivi. Akaitikia tu kwa kichwa. Keki akawapa wanangu. Akasema akitokea mtu wa kwao nimwambie Karanga alikuja, na kwamba amesimama sawasawa." Shaniece alimtazama. "Dada, vipi? Njoo ukae."

Hakukaa. Siku tatu alimtafuta. Alikwenda stendi ya mabasi, akaenda makanisa yanayogawa supu, akampigia hata Shemasi Purnell, ambaye alisema kwa upole kwamba hakumwona, na kwamba angalimjua, kwani walicheza mpira pamoja utotoni, na kama angejua Karanga yuko hai angemwachia mlango wazi mwaka mzima. Maneno hayo Delphine hakuyatarajia. Katika nyumba moja ya kulaza wasio na makazi wakamwonyesha daftari. Jumanne: *Lorenzo Crutcher*, mwandiko wa mkono unaotetemeka lakini uliojitahidi kukaa juu ya mstari. Alilala usiku mmoja. Asubuhi aliwaaga, akasema alikuja kwa mama yake lakini amechelewa. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

Jumapili Delphine aliegesha gari mahali pake. Alikuwa amelala saa mbili tu tangu Ijumaa, na alikuwa amekata shauri. Atasema yote: barua, mkataba, Haverty, mlango, keki. Bibi akimlaani, amlaani. Angalau Houston nzima itaanza kumtafuta Karanga, gazetini, redioni, kanisani, maadamu yu hai na anadhani mama yake amekufa.

Saa nane simu ililia.

"Mwanangu, hujambo? Leo mhubiri katuchosha, huyo! Taa inawaka?"

Delphine alifunga kioo cha gari.

"Kuna mtu alibisha?"

"Alikuja, bibi," alisema.

Akasikia simu imeanguka, na sauti ya Bibi Vashti ikilia mbali, sauti ya mtu wa umri wa miaka ishirini. "Bernadine! Zima hiyo televisheni! Bernadine, kaja! Karanga kaja nyumbani!" Viti vilikokotwa. Mtu alipiga magoti, au alianguka. Bernadine alikuwa anauliza nini, nini, na bibi anacheka na kulia pamoja, anamwita Yesu, anamwita Reuben aliye kaburini aje asikie.

Simu ikaokotwa.

"Yukoje? Kakonda?"

"Kavaa koti safi, bibi. Alisema... alisema amesimama sawasawa."

"Sawasawa! Mwanangu mimi! Nilijua. Niliwaambia wote. Mlango ulimfungulia wewe mwenyewe?"

"Bibi, ngoja. Nisikilize kwanza, nataka nikwambie..."

"Utaniambia, utaniambia yote, siku nzima ni yetu. Lakini kwanza nijibu hili moja, maana ndilo limenilaza macho miaka yote hii." Bibi Vashti alikuwa akihema. "Ulimkalisha jikoni? Ulimpa chakula? Delphine, mwanangu ulimpikia nini?"

Upepo ulikuwa umeichana ile nailoni, na kutoka pale kwenye gari Delphine aliona mpaka ndani jikoni, hakuna sinki, hakuna meza, sakafu imejaa vumbi la chokaa. Kwenye ngazi lilikuwa limebaki boksi tupu la keki. Mdomo wake ulifunguka, na Houston walikuwa kimya wote, wanangoja aseme alimpikia nini.